Kilometa 100 za nani?

Kila chombo cha umeme kinachoingia Mpanda kinakuja na namba yake. Kilometa 80 kwa chaji moja. Kilometa 100. Nimewahi kuona karatasi ya 120 imebandikwa kwenye tangi la pikipiki ambayo haina haja ya tangi. Namba hiyo ndiyo inayouza. Kijana wa bodaboda anaisoma, anakumbuka petroli aliyonunua jana, anatabasamu. Hamuulizi muuzaji aliyekuwa amepanda siku ya kupima ni nani, alikuwa na kilo ngapi, alibeba nini, na njia ilikuwa ipi.

Nina karakana ya pikipiki Makanyagio, na umeme siuchukii. Kwa fundi, mota ya umeme ni raha tupu: haina pistoni, haina ringi, haina plagi, haina oili ya kumwaga. Petroli inayoingia kwenye injini ndogo ya bodaboda inaishia zaidi kuwa joto la silinda na moshi wa ekzosi. Inayosukuma tairi ni kama sehemu ya tano, ikizidi sana robo. Mota nzuri ya umeme, ikiwa kwenye mwendo na mzigo unaoifaa, hugeuza zaidi ya asilimia 85 ya umeme kuwa nguvu ya kuzungusha gurudumu. Hilo sibishani nalo. Ninachobishania ni kwamba hakuna aliyetupimia kama mwendo na mzigo wa Katavi unaifaa.

Ninachotaka ni hiki. Pikipiki, bajaji na maguta ya umeme yanayouzwa mkoani kwetu yapimwe hapa hapa, kwa mizigo yetu na barabara zetu, na jibu liandikwe kwa uniti za umeme kwa kilometa, zikihesabiwa kuanzia ukutani. Tuachane na kilometa kwa chaji. Kwenye petroli hakuna anayenunua pikipiki kwa kuuliza tangi likijaa inafika wapi. Tunauliza lita moja inakwenda kilometa ngapi, kwa sababu tangi ni tangi tu, lakini ulaji ndio tabia ya injini. Kwa umeme tumekubali kuuziwa tangi.

Chukua hesabu ya mfano. Pikipiki ya petroli inayokwenda kilometa 45 kwa lita inahitaji lita 2.2 kwa kilometa 100. Tuseme lita ni shilingi 3,000. Hiyo ni shilingi 6,600. Ya umeme ikila uniti 4 kwa kilometa hizo hizo, kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, ni shilingi 1,424. Tofauti kubwa, na ndiyo maana vijana wanatabasamu. Lakini ikila uniti 8, ni shilingi 2,848. Bado iko chini ya petroli, sawa. Ila chaji inaisha katikati ya siku, na betri inamwagwa mpaka chini kila siku na kuzeeka haraka kuliko ilivyotarajiwa. Kati ya 4 na 8 ndipo biashara ya mtu inaposimama au kuanguka, na karatasi ya tangini haisemi lolote kuhusu hilo.

Namba za viwandani hazitoki hewani. Kipo kiwango cha kimataifa, ISO 13064, kinachoeleza namna ya kupima ulaji na masafa ya pikipiki za umeme. Gurudumu la nyuma linawekwa juu ya rola ya mashine ya kupimia, chombo kinaendeshwa kwa ratiba ya mwendo iliyopangwa, kisha betri inachajiwa upya na umeme ulioingia unapimwa. Katika kanuni nyingi za upimaji wa pikipiki, dereva huhesabiwa kuwa na kilo 75. Ni kazi safi na ya haki, kwa sababu inawezesha kulinganisha chombo na chombo. Lakini rola haina mchanga. Na wapo watengenezaji ambao hata rola hawaijui. Wanaendesha polepole kwa mwendo mmoja kwenye uwanja wa lami mpaka chaji iishe, wanaandika kilometa walizopata.

Kwamba maabara na barabara vinaweza kusema mambo mawili, dunia ilishalipa kujifunza. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, walifunga vifaa vya kupimia kwenye magari ya dizeli ya Volkswagen na kuyaendesha barabarani. Moshi walioupata haukufanana na ule wa maabara. Septemba 2015 ikajulikana kwamba programu ya gari ilikuwa inatambua kuwa inapimwa na kubadili tabia; mamlaka ya mazingira ya Marekani ilisema baadhi ya hewa chafu barabarani ilifika hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Miaka miwili baadaye Ulaya ikaanza kuachana na ratiba yake ya zamani ya upimaji, iliyokuwa ikiyapendelea magari yote kwa mwendo wake wa upole, ikaingiza mpya iliyo karibu zaidi na uendeshaji halisi. Simshutumu muuzaji yeyote wa Mpanda kwa ujanja wa aina hiyo. Nasema kama Wajerumani walihitaji kupimwa barabarani, sisi je?

Barabara yetu ni ipi, basi? Kwa lami hatuna shida: unatoka mjini unashuka nayo mpaka Sitalike, kwenye viboko wa mto Katuma. Upande wa pili ipo lami ya kwenda Tabora. Hizo ni barabara za mabasi na malori. Bodaboda na guta wanaishi kwingine: njia za Kakese na Mwamkulu wakati wa mavuno ya mpunga, njia za Dirifu kwa wachimbaji wa dhahabu, vichochoro vya Nsemulwa, na kushuka Karema ziwani. Sensa ya 2022 ilikuta mkoa huu una watu 1,152,958, zaidi ya mara mbili ya wale wa 2012. Watu hao wote wanakula, wanajenga, wanahama na magodoro yao, na sehemu kubwa ya hayo inapita juu ya tairi mbili au tatu.

Kiangazi njia hizo ni vumbi laini na mchanga. Masika ni utelezi mweusi. Tairi ikizama kidogo tu kwenye mchanga, nguvu ya kuisukuma inaongezeka mara kadhaa kuliko kwenye lami, hata kama mwendo ni ule ule. Watu wanadhani mlima ndio mlaji mkuu. Mlima unahesabika. Ziwa Tanganyika liko kama meta 770 juu ya usawa wa bahari na mji wa Mpanda uko kama 1,100, kwa hiyo anayetoka Karema na magunia ya dagaa anapaswa kupandisha kila kilo zaidi ya meta 300. Pikipiki, dereva na mzigo vikiwa kilo 285 kwa pamoja, kazi ya kuvipandisha ni kama robo ya uniti. Ukijumlisha kinachopotea kwenye mota na kontrola, inakaribia sehemu ya kumi ya betri ya uniti 3. Si haba, lakini si ndiyo inayokuacha njiani. Kinachokuacha njiani ni kilometa zaidi ya 100 za barabara yenyewe, vilima vyake vinavyopanda na kushuka, na mchanga wa chini.

Tena mchanga una ubaya mwingine ambao rola haiuonyeshi. Mota ya umeme inapolazimishwa kuvuta kwa nguvu huku inazunguka polepole, inakunywa mkondo mkubwa wa umeme. Mkondo ukiwa mara mbili, joto kwenye nyaya za shaba linakuwa mara nne. Umeme uliotakiwa kusukuma tairi unageuka kuwa moto ndani ya kitovu cha gurudumu. Ule ufanisi wa asilimia 85 unashuka vibaya, na kontrola, ambayo imepangwa kujilinda, inapunguza nguvu au inakata kabisa. Kijana mmoja alinisukumia guta lake mpaka mlangoni, analaumu waya. "Fundi, inazima yenyewe nikiwa na mzigo, nikikaa kidogo chini ya mwembe inawaka." Nikashika kitovu cha mota, nikatoa mkono haraka. Waya wake ulikuwa mzima. Kontrola ilikuwa inafanya kazi iliyopewa, na mwembe ndio uliokuwa fundi.

Nilitaka kujua ukweli wa guta la namna hiyo, betri zake za asidi, lile la bei nafuu lililoenea. Kifaa cha kisasa cha kupimia sina. Nina mita ya LUKU. Jioni nilizima kila kitu karakana: taa, kompresa, redio, chaja za simu za wateja. Nikasoma uniti zilizobaki kwenye kioo cha mita, nikaziandika ukutani kwa chaki, nikachomeka chaja ya guta peke yake mpaka taa yake ikawa ya kijani. Asubuhi nikasoma tena. Tofauti ndiyo umeme ambao mwenye guta ataulipia, na humo yamo pia yale yanayopotea kwenye chaja, ambayo usiku ilikuwa moto wa kutosha kumlaza paka. Namba za betri peke yake hazikuonyeshi hilo.

Siku hiyo guta likaenda na mzigo wa mpunga, tulioupima kwenye mizani ya mnunuzi kabla ya kuondoka. Sikutaka kuziamini kilometa za dashibodi, maana dashibodi za vyombo hivi nyingi zina mkono mrefu. Nilitumia simu kupima njia, na kwenye lami nikalinganisha na nguzo za kilometa za barabarani. Nilichokiona zaidi kilikuwa ile mistari ya chaji. Kwenye lami ilikaa imejaa mpaka dereva akaanza kuimba. Kwenye mchanga wa kwanza ikaporomoka mitatu kwa mara moja. Tulipopumzika ikarudi miwili. Mistari hiyo, kwenye mashine nyingi za bei nafuu, haihesabu umeme uliobaki. Inasoma volti tu, na volti ya betri inayovutwa kwa nguvu hulala, ikipumzishwa huamka. Dereva anayeiamini atajikuta amelala Mwamkulu. Tulirudi na mzigo mwepesi, tukifika karakana chombo kinatambaa, na kilometa zetu zilikuwa mbali sana na zile za karatasi.

Sitatangaza namba zangu kama kipimo cha taifa. LUKU moja na guta moja havitoshi, na betri yenyewe haikuwa mpya. Lakini jinsi ya kupima, nimeiona kwa macho kwamba haihitaji chuo kikuu.

Betri za asidi zinahitaji neno lake. Ukizivuta kwa mkondo mkubwa hazikupi umeme wote ulioandikwa ubavuni. Sehemu inabaki ndani haitoki. Ukizimwaga mpaka chini kila siku hudumu kwa mizunguko mia kadhaa tu. Lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti inavumilia maelfu, na haitetereki sana ikivutwa, lakini ni ghali na joto hailipendi. Kwa hiyo maguta mawili yenye karatasi moja, kilometa sawa kwa chaji, yanaweza kuwa mbali kabisa siku ya mzigo, na mbali zaidi baada ya mwaka. Ndiyo maana napendekeza chombo kipimwe mara mbili: kikiwa kipya, na tena kikiwa kimefanya kazi mwaka mzima mtaani. Kipimo cha pili ndicho wauzaji watakachokichukia.

Anayeumia namba ikidanganya ni nani? Sio bosi. Vijana wengi wa hapa wanaendesha chombo cha mtu kwa mkataba, na jioni hesabu inatakiwa mezani. Bosi hajali kama chaji iliisha saa nane mchana. Kijana aliyepigiwa mahesabu ya kilometa 100 akapata 55 anakosa abiria wa jioni, ambao ndio wenye hela, na bado hesabu ni ile ile. Kwenye petroli, tangi likiisha anakimbilia dumu la barabarani, anaongeza nusu lita, anaendelea. Kwenye umeme anatafuta soketi na saa tano za kusubiri.

Ataniuliza mtu, umeme wenyewe Mpanda uko wapi? Swali halali. Kwa miaka mingi mji huu uliishi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Jenereta kubwa hugeuza asilimia 35 hadi 40 ya nishati ya dizeli kuwa umeme. Toa kinachopotea kwenye nyaya, chaja, betri na mota, tairini inafika kama robo, ambayo ni sawa na injini ya petroli ikiwa siku yake nzuri. Yaani pikipiki ya umeme inayochajiwa kwa dizeli ni pikipiki ya dizeli yenye waya mrefu. Laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora imejengwa ili kutuondoa huko na kutufikisha kwenye umeme wa maji, pamoja na ule wa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Hapo ndipo hesabu inageuka kabisa, na ndipo wauzaji watakapokuja kwa wingi. Kupima kuanze kabla hawajafurika.

Wenzetu wamekwisha kuona thamani ya kupima njiani. Mwaka 2024 kampuni ya Roam ya Nairobi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch waliendesha pikipiki ya umeme iliyotengenezwa Kenya kutoka Nairobi mpaka Stellenbosch, Afrika Kusini, takriban kilometa 6,000, wakichajia jua, na Tanzania ilikuwa njiani. Kilichonivutia ni kwamba chuo kikuu kilikuwemo, chenye kazi ya kuandika kila uniti iliyoingia na kutoka. Kwetu Arusha magari ya watalii yaliyobadilishwa kuwa ya umeme yanaingia mbugani tangu 2018, na Masoud Kipanya, tunayemjua kwa katuni, alizindua gari lake la umeme Dar es Salaam mwaka 2022. Ubunifu upo. Nimesikia hotuba nyingi za kuupongeza, na sijaona jedwali hata moja limebandikwa kijiweni.

Najua kitakachosemwa: vipimo ni gharama, vitawafukuza wafanyabiashara wadogo, bei itapanda. Ingekuwa kweli kama ningekuwa naomba maabara ya rola kila wilaya. Rola iwe moja, Dar es Salaam, mikononi mwa shirika la viwango, TBS, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kwa ajili ya aina mpya ya chombo kabla haijasambazwa. Arusha tunayo CAMARTEC, ambayo tangu 1981 kazi yake mojawapo ni kupima zana za kilimo. Hakuna aliyesema trekta zimekosa wanunuzi kwa sababu zinapimwa. Mikoani kinatosha kipimo cha barabara. Mita ndogo ya umeme ya kuchomeka kati ya soketi na chaja, mizani ya ushirika wa mazao, magunia ya mchanga yaliyopimwa, na simu yenye ramani. Vijana wa VETA hapa Mpanda wataifanya kama sehemu ya mafunzo yao, na watajifunza zaidi kuliko kwa kufungua injini ya zamani isiyo na mwenyewe.

Njia ninazo tayari kichwani. Lami: mjini mpaka Sitalike na kurudi, dereva na abiria mmoja. Vumbi: mjini, Kakese, Mwamkulu na kurudi, mzigo wa kilo 150 kwa pikipiki na wa kilo 400 kwa guta. Dereva asiwe wa muuzaji. Chombo kisiwe kilichochaguliwa na muuzaji. Kichukuliwe stoo kwa kupiga kura, au kinunuliwe dukani kama mteja mwingine anavyonunua. Joto la mota lipimwe pia, na dakika ambazo kontrola ilikata ziandikwe, maana uniti peke yake hazitakuambia kwamba ulikaa nusu saa chini ya mwembe. Kila aina ya chombo iandikiwe ulaji wake kwa kilometa, kikiwa kitupu na kikiwa na mzigo, kwa jina lake kamili, karatasi ibandikwe soko kuu, stendi na kwenye vijiwe.

Mwezi wa kuanzia uwe Oktoba, kabla ya mvua, wakati vumbi limefika kwenye kifundo cha mguu na jua la saa nane linachoma kiti mpaka huwezi kukikalia. Kisha irudiwe Februari kwenye tope. Magunia ya mchanga nitayatoa mimi.